Deni la Gari Kuukuu: Kisa cha Shemeji na Gari la Umeme

Dada yangu na mumewe hawakubaliani, na mimi ndiye niliyeitwa kuamua kwa sababu kazi yangu ni hesabu za nishati. Wana gari moja la petroli lenye umri wa miaka 13. Akiba ya kununua gari jipya la umeme ipo. Dada anataka libadilishwe sasa. Shemeji anasema gari lililokwisha kuundwa limeshalipa deni lake kwa dunia, na kwamba kulitupa gari zima ili kiwanda kiunde lingine ni uharibifu uliovishwa nguo za kijani.

Wote wawili wanaipenda dunia kwa dhati, ndiyo maana sikutaka kuwajibu kwa mkato. Niliwaomba mwezi mmoja na daftari.

Daftari lilikuwa la shemeji. Kazi yake ilikuwa ndogo: ajaze tangi hadi juu, aandike kilomita, aendeshe kama kawaida, kisha kila akijaza tena hadi juu aandike lita zilizoingia. Hakuna njia nyingine ya kulijua gari lako. Kile kitabu cha kiwandani kinaeleza gari lilivyokuwa siku lilipozaliwa, tena kwenye chumba cha majaribio kisicho na foleni wala mlima.

Yeye aliamini gari lake linakula lita 8 kwa kilomita 100. Daftari likasema 9.6. Kilomita zake kwa mwaka, tukizipiga kutoka kwenye dashibodi na tarehe aliyolinunua, ni kama 9,000. Nakuomba uishike namba hiyo ya kilomita, kwa sababu ndiyo iliyokuja kuamua kisa hiki.

Lita moja na kilo zake

Dada aliuliza swali zuri. Lita ya petroli ina uzito wa kama robo tatu ya kilo, inawezaje kutoa zaidi ya kilo 2 za hewa ukaa, ile gesi inayoipasha dunia joto? Jibu ni kwamba uzito mwingi hautoki kwenye tangi, unatoka hewani. Kaboni ikiungua hushika oksijeni, na kila kilo 12 za kaboni hubeba kilo 32 za oksijeni zikawa kilo 44 za hewa ukaa. Ndivyo lita moja inavyotoa karibu kilo 2.3 kwenye ekzosi. Juu yake kuna kuyachimba mafuta, kuyasafirisha na kuyasafisha kabla hayajafika kwenye pampu. Nikiweka yote pamoja, hutumia kilo 2.8 kwa lita, nayo ni makadirio ya wastani.

Kwa hiyo gari la shemeji kama tulivyolikuta, lita 864 kwa mwaka, linatoa kama tani 2.4 kila mwaka.

Gari la umeme halina ekzosi, ila lina deni la kuzaliwa. Betri ni mzigo mkubwa kuitengeneza: madini yachimbwe, yasafishwe kwa moto mkali, seli zikaushwe katika vyumba visivyo na unyevu. Kwa betri ya uniti 60, yaani kilowati-saa 60, na kilo 80 za hewa ukaa kwa kila uniti ya betri, hiyo ni karibu tani 5. Mwili wa gari, chuma chake, alumini, vioo na plastiki, niliupa tani 7. Jumla tani 12 kabla halijatembea hata mita moja. Kiwanda kinachotumia umeme safi kitashusha namba hii na kinachotumia makaa ya mawe kitaipandisha, lakini kwa gari la kawaida la familia tani 12 si makadirio ya kulionea wala ya kulipendelea.

Halafu kuna umeme wa kila siku. Gari la namna hiyo hutumia kama uniti 17 kwa kilomita 100, na ukijumlisha kinachopotea njiani na wakati wa kuchaji unafika 20. Kilomita 9,000 ni uniti 1,800 kwa mwaka.

Hapo ndipo kila kitu hutegemea uniti hiyo imezaliwa wapi. Jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC, katika ripoti yake ya 2014 lilitoa wastani unaohesabu maisha yote ya mtambo: makaa ya mawe gramu 820 kwa uniti, gesi 490, jua 48, maji 24, upepo 11. Makaa ya mawe ni zaidi ya mara 30 ya maji. Watu wawili wanaweza kununua gari lile lile siku ile ile, mmoja akawa ameokoa na mwingine akawa hajaokoa karibu chochote.

Umeme anaotumia dada hutoka karibu nusu kwenye mabwawa na nusu kwenye gesi. Nikachukua gramu 257, katikati ya maji na gesi. Uniti 1,800 zinatoa kilo 463 kwa mwaka. Petroli tani 2.4, umeme chini ya nusu tani. Dada alipoziona namba hizo mbili alimtazama mumewe, nami nikamwomba asubiri, kwa sababu zile tani 12 zilikuwa bado mezani.

Fundi alichokikuta

Kabla ya kwenda mbali nilitaka kujua kwa nini gari linakula 9.6 badala ya 8. Tulikwenda kwa fundi ambaye shemeji anamwamini. Upepo wa tairi ulikuwa chini kwenye magurudumu matatu. Kichujio cha hewa kilikuwa cheusi. Sensa ya oksijeni, ile inayoiambia injini ichanganye mafuta kiasi gani, ilikuwa inakufa, kwa hiyo injini ilikuwa ikinywa mafuta bila kipimo. Plagi zilibadilishwa pia.

Kisha fundi akaingia chini ya gari, akakaa kimya muda, akatuita. Masega hayakuwapo. Ule mfuko wa chuma kwenye ekzosi, wenye vitundu kama sega la nyuki ambavyo ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, ulikuwa umekatwa na mahali pake pamechomelewa bomba tupu. Mwenye gari wa kwanza, au mtu aliyemhudumia, aliuza madini hayo, na shemeji alinunua gari bila kujua.

Habari hii iliniumiza, na nitaeleza kwa nini. Masega hayapunguzi hewa ukaa. Kazi yake ni kugeuza sumu nyingine, yaani kaboni monoksidi, oksidi za naitrojeni na mafuta yasiyoungua, ziwe gesi zisizodhuru mapafu kiasi hicho. Katika daftari langu la tani, gari lisilo na masega linafanana kabisa na lenye masega. Lakini dada ana mtoto wa miaka sita mwenye pumu, na kwa miaka minne gari hilo lilikuwa likiwashwa kila asubuhi chini ya dirisha lake na kuachwa lingurume hadi injini ipate moto.

Nilipomuuliza dada kwa utulivu, alisema hewa ukaa haikuwa hoja yake ya kwanza. Alikuwa anasikia kifua cha mtoto. Alisema "mazingira" kwa sababu alidhani hoja ya mtoto wake ni ndogo mno kwa mazungumzo makubwa.

Si ndogo. Mabishano mengi kuhusu magari ya umeme huenda mrama hapa, kwa sababu watu huchanganya uchafu wa aina mbili. Hewa ukaa haijali imetoka wapi. Tani ya huku na tani ya kule huenda kwenye anga moja. Moshi wa ekzosi una anwani. Unamfikia anayekaa karibu, na gari kuukuu lisilotunzwa humfikia vibaya kuliko jipya. Haki iseme pia kwamba gari la umeme halimwachii jirani hewa tupu: ni zito kuliko mwenzake, tairi zake husagika barabarani na vumbi lake ni vumbi, ingawa breki zake huchakaa kidogo kwa kuwa mota yenyewe ndiyo hulipunguza kasi.

Masega mapya yalifungwa. Gari sasa huwashwa nje ya uzio, nalo huondoka likishawashwa, kwa sababu injini ya petroli ya siku hizi hupata moto haraka zaidi ikitembea taratibu kuliko ikiwa imesimama.

Wiki chache baadaye daftari lilisoma lita 8 kwa kilomita 100. Lita 144 kwa mwaka zimeokolewa, kilo 400 za hewa ukaa, bila kiwanda chochote kuwasha tanuri isipokuwa cha masega na vichujio. Sasa gari linatoa tani 2 kwa mwaka.

Namba mbili zinazogombana

Nilifanya hesabu kwa njia mbili, na zilipingana. Nadhani ugomvi wa dada na shemeji, pamoja na ugomvi wa watu wengine wengi, umo ndani ya kupingana huko.

Njia ya kwanza ni ya shemeji. Gari kuukuu limeshaundwa, hewa ukaa yake ya kiwandani iko angani tangu zamani na hakuna uamuzi wa leo utakaoirudisha. Kwa hiyo tani 12 zote ni deni jipya ambalo gari la umeme lazima lilipe kwa akiba yake ya kila mwaka. Akiba hiyo ni kilo 2,016 toa 463, yaani kama tani moja na nusu. Deni linalipwa baada ya karibu miaka 8, au kilomita 70,000. Kabla fundi hajaligusa gari ingekuwa miaka 6, na wala sijutii kwamba matengenezo yalilidhoofisha gari la umeme katika hesabu hii. Petroli isiyochomwa ni faida kwa yeyote aliyeiokoa.

Umeme wote ungetoka kwenye maji, deni lingelipwa kwa miaka 6. Wote ungetoka kwenye makaa ya mawe, ingechukua miaka 22, muda ambao magari mengi hayaufikii. Hiyo ya makaa ya mawe inahitaji tahadhari moja: inadhani mitambo haitabadilika kwa miaka 22. Umeme ukisafishwa, gari la umeme lililoko barabarani husafika nalo pasipo mwenyewe kufanya lolote. Lita ya petroli itatoa kilo zake zile zile hadi kisima cha mwisho.

Hapa niwaonye wanaosoma ripoti. Mwaka 2021 Volvo ilichapisha hesabu ya gari lake la umeme C40 Recharge ikililinganisha na XC40 la petroli. Gari la umeme lilianza kuwa mbele baada ya kilomita 49,000 kwa umeme wa upepo, 77,000 kwa umeme wa Ulaya na 110,000 kwa wastani wa umeme wa dunia. Mwaka huo huo baraza la kimataifa la usafiri safi, ICCT, lilikadiria kwamba katika maisha yake yote gari la umeme la ukubwa wa kati hutoa asilimia 66 hadi 69 pungufu ya la petroli barani Ulaya, 60 hadi 68 Marekani, 37 hadi 45 China na 19 hadi 34 India. Ni kazi za maana, nami nazitegemea. Lakini zote zinalinganisha gari jipya na gari jipya. Swali la shemeji lilikuwa jipya dhidi ya lile ambalo tayari limeegeshwa nyumbani, na wanaomjibu kwa takwimu hizo wanamjibu swali ambalo hakuuliza.

Njia ya pili ni ya dada, ingawa hakuijua kwa jina. Gari kuukuu halitaishi milele. Tuseme limebakiza miaka 5, kisha watanunua la umeme vyovyote vile. Basi uamuzi wa leo haulizui gari jipya lisiundwe. Unalivuta mbele kwa miaka 5 tu. Gari likiishi miaka 15, miaka 5 ni theluthi ya deni lake, tani 4. Ongeza umeme wa miaka hiyo, tani 2.3. Jumla 6.3. Kuendelea na petroli kwa miaka hiyo ni tani 10. Kwa njia hii dada anashinda kwa karibu tani 4, na anaanza kushinda mapema.

Nani amekosea? Hakuna. Ya kwanza inauliza lini gari jipya litakuwa limelipa kila senti ya deni lake. Ya pili inauliza njia ipi kati ya mbili ina hewa ukaa kidogo. Mimi naiamini zaidi ya pili kwa sababu inafanana na maisha, lakini ina sharti moja ambalo watu hulipita kimya kimya: gari kuukuu liondoke barabarani kweli.

Nikauliza: gari la zamani mtalipeleka wapi?

Walitazamana. Walipanga kubaki nalo, kwa safari ndefu ambako kuchaji kungesumbua, na binti mkubwa akimaliza chuo alichukue. Mpango wa gari la umeme ulikuwa mpango wa magari mawili.

Hapo hesabu nzima huanguka. Binti kwa sasa hupanda basi. Akianza kuliendesha gari hilo kilomita 9,000 kwa mwaka, zile tani 10 za miaka mitano zitakwenda angani kama kawaida, na juu yake kutakuwa na 6.3 za gari jipya. Kuliuza kwa mtu ambaye hakuwa na gari huleta jambo lile lile. Kuliuza kwa mtu ambaye la kwake ni bovu zaidi na linakwenda kuvunjwa, hapo kuna faida. Muuzaji kwa kawaida hajui mnunuzi wake ni yupi.

Serikali zimewahi kukutana na tatizo hili. Mwaka 2009 Ujerumani ililipia kuvunjwa kwa magari kuukuu karibu milioni 2, na Marekani karibu laki 7. Huko Marekani sharti lilikuwa kumimina silikati ya sodiamu ndani ya injini hadi ifungane, ili isiwashwe tena popote. Unaweza kulipinga jambo hilo kwa sababu ya magari mazima yaliyouawa, na mimi sina furaha nalo, lakini waliolitunga walielewa sharti. Kwa upande mwingine, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilionyesha katika ripoti ya 2020 kwamba magari madogo yaliyotumika milioni 14 yalisafirishwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, mengi yakienda nchi za kipato cha chini na cha kati. Anayenunua gari la umeme na kudhani moshi wake umekwisha mara nyingi ameusafirisha tu.

Kuna mengine ambayo safu ya tani haiyabebi kabisa. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na baadhi yake huchimbwa kwa mikono na watu wasio na kinga yoyote. Betri za chuma na fosfeti hazina kobalti wala nikeli, nami nilimwambia dada kwamba siku atakayonunua aulize hilo kabla ya kuuliza rangi.

Kilomita za mdogo wake

Jibu lilitoka kwa mtu ambaye hakuwa sehemu ya ugomvi. Mdogo wake shemeji husambaza vipuri vya mashine za kushonea, na siku ile alikuja na gari lake likiwa na giaboksi inayolia. Fundi alikuwa amemwambia halifai tena kutengenezwa. Alitaka kununua jipya la petroli mwezi unaofuata. Nikamuuliza anatembea kilomita ngapi kwa mwaka. Elfu 25, akasema, nyingi zikiwa za kuzunguka mjini, karibu zote zikianzia na kuishia nyumbani.

Nilirudi kwenye daftari. Lita 2,000 kwa mwaka kwa lita 8 kwa kilomita 100, tani 5.6. Kwa umeme wao, uniti 5,000, tani 1.3. Akiba ya tani 4.3 kila mwaka, karibu mara tatu ya akiba ya shemeji, kwa gari lile lile. Na kwa kuwa kwake gari jipya lingeundwa vyovyote, deni la kuhesabu ni ile tofauti ya kiwandani tu, yaani betri, kama tani 5. Linalipwa kwa miezi 14. Gari lake la zamani lilikuwa linakwenda kuvunjwa kwa vipuri. Halikuwa na mnunuzi wa kulirudisha barabarani. Hata angekaa mahali ambapo umeme wote ni wa makaa ya mawe, angeokoa tani moja na nusu kwa mwaka.

Nikawaambia wazi: betri moja, kama inapaswa kuingia katika ukoo huu mwaka huu, iingie kwake. Ikiegeshwa kwa shemeji itakaa ikisubiri kilomita 25 za siku.

Shemeji aliuliza kama hiyo inamaanisha alikuwa sahihi. Nilimwambia alikuwa sahihi kuhusu gari lake na kilomita zake, na kwamba neno lake la "limeshalipa deni" ni nusu ya ukweli, kwa sababu deni la kiwandani ndilo lililopita ilhali kila lita anayojaza ni deni jipya. Dada alinyamaza kidogo, kisha akauliza jambo moja tu: masega yale yatakaguliwa kila baada ya muda gani?

Waliamua wenyewe. Sehemu ya akiba walimkopesha mdogo wao, naye akanunua la umeme lenye betri isiyo na kobalti. Binti ataendelea na basi. Gari la shemeji linaingia kwa fundi kila miezi sita, upepo wa tairi hupimwa kila mwezi, na daftari limebaki ndani ya boksi la dashibodi pamoja na kalamu. Tumekubaliana kwamba likipita tena lita 9 na fundi akashindwa kulirudisha, litakwenda kuvunjwa, halitauzwa.

Mara ya mwisho nilipolifungua, mstari wa chini kabisa ulikuwa kwa mwandiko wa dada. Aliandika kilomita, lita, na pembeni yake usiku ambao mtoto alilala bila dawa ya kifua.